Usimuhubirie mama Linux, kaa naye

Hapa nimeandika yale nilisema siku ya posho (Jumamosi) ku Himbi, mutaa wa Goma, mbele ya ba jeune (vijana) wa enfomatiki na wazazi waliokuja nao. Nimesafisha kidogo tu, mengine nimeacha vile ilitoka mdomoni.

Jambo ba mama, jambo ba papa, na nyinyi ba jeune mulioshika viti vya karibu na mulango ili mutoroke mapema, jambo pia.

Wameniomba niseme namna gani tutafanya watu wa kawaida watumie Linux, ile programu ya kusimamia mashini (kompyuta) badala ya Windows. Nianze na aibu yangu, sababu haya mambo niliyajua kwa kuanguka.

Kulikuwa mama moja ana kibanda cha sekretariati pale Katindo, anapiga fotokopi, anaandika barua za watu, anatoa TFC za wanafunzi, zile kazi zao za kumaliza masomo. Kila wiki mbili ananipigia: "Papa, kuya, mashini inagonjwa tena." Ni ile virusi tunaijua wote, mwanafunzi anachomeka flashi, folda zake zote zinageuka rakorsi (njia za mkato), TFC haionekani, mtoto wa watu anaanza kulia pale pale mbele ya wateja. Mimi nafika, naformati, nachukua dola 5, naenda. Sasa siku moja nikajisikia mtume. Nikaamua nimuwekee Ubuntu, moja ya aina za Linux. Na kabla ya kuinstali nikamukalisha saa nzima nikimuhubiria uhuru, kwamba programu yenyewe iko wazi, kwamba hakuna bwana juu yake, kwamba dunia imebadilika, na yeye anaitika tu "eeh papa, eeh papa" huku macho yako barabarani anaangalia kama mteja anapita. Jioni nikaondoka kichwa juu. Kesho yake mapema nikapanda pikipiki kwenda Sake kwa mambo ya familia, na simu ikanizimikia njiani.

Saa moja asubuhi mwanafunzi amefika kwa mama, anatetea TFC yake kesho. Mama anawasha mashini, inamuomba neno la siri, anaandika amani, lile tulilochagua pamoja. Inakataa. Anaandika tena polepole na kidole kimoja. Inakataa. Munajua ni nini? Wakati wa kuinstali nilisahau klavye (kibodi) ikabaki ya Kimarekani, na mashini yake iko na klavye ya Kifaransa, ile yenye A pale Wamarekani wanaweka Q. Kwa hiyo siku ile alibonyeza amani na mashini ikashika q;qni, hakuna aliyeona sababu zinatokea nukta nyeusi tu. Kisha mwisho wa kazi mimi mwenyewe nikaigeuza Kifaransa, nikajipongeza. Yeye kesho yake anaandika amani ya kweli, mashini inangoja q;qni.

Mtoto wa jirani ndiye aliona ile alama ndogo ya klavye kwenye kona ya skrini akabonyeza, wakaingia. Wakafungua TFC. Jana ilikuwa kurasa 62, leo ni 67, tebo zimekatika katikati, jedwali la yaliyomo linasema sura ya tatu iko ukurasa wa 31 na haiko, sababu mwanafunzi aliandika na Cambria na Calibri, na zile herufi ni za Microsoft, mimi sikuweka hata zile zinazozibadili. Printa nayo, ya zamani, inaomba draiva. Saa sita mama akaita fundi mwengine, akamrudishia Windows ya krake, ile isiyolipiwa iliyovunjwa kufuli, maisha yakaendelea.

Niliporudi sikutukanwa, na afadhali angenitukana. Aliniambia: "Ile kitu yako ni ya muzuri papa, lakini ilinikuta peke yangu."

Sasa nyinyi ba jeune, hayo maneno ya mama muyashike kuliko yote mutasoma kuhusu Linux. Ilimukuta peke yake. Windows ikimuharibikia, kila kona ya Goma kuna mtu wa kumuuliza, mtoto wa jirani, shemeji, yule wa kuuza mega za intaneti, hata kama watamdanganya watamdanganya wakiwa karibu. Linux ikimuharibikia ana mimi tu, na mimi niko Sake.

Tuna shida nyingine ya maneno. Tunawaambia watu "ni ya bure", na kwa Kiswahili bure ina sura mbili, kitu usicholipia na kitu kisicho na kazi. Amekwenda bure, amesumbuka bure. Mteja anasikia ile ya pili. Nimeona baba anaulizwa kama anataka Linux, anauliza bei, anaambiwa bure papa, na palepale uso wake unafunga, anasema basi niwekee ile ya dola 5. Wenye kuandika vizuri wanasema programu huria na nakubali ni neno safi, ila ku maduka ya Birere ukisema huria watakuuliza huria ni duka gani. Ajabu ni kwamba hata Ubuntu, lililoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, lina jina la lugha zetu, na wale wanaosikia Kinyarwanda hapa wanajua kitu cha ku buntu ni kitu unachopewa bila kulipa. Mimi siku hizi sisemi tena bure. Nasema programu haina deni, ukiilaza wiki mbili hakuna mtu atakuja kukudai namba ya aktivasyo.

Kwa wale wazazi ambao hawajajua tunazungumza nini, haraka haraka. Mashini haiwezi kufanya kitu bila programu moja kubwa ya kuisimamia, ndiyo inajua klavye iko wapi, disko iko wapi, nani apewe kumbukumbu na nani angoje. Windows ni moja, Linux ni nyingine. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuufungua, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, ana miaka 21, akaandika kwamba anatengeneza kitu chake kidogo, cha kujifurahisha tu, na kile kitu kidogo ndicho kilikuwa kiini cha Linux. Leo kiko ndani ya kila simu ya Android, kwa hiyo mama unayesema hujawahi kutumia Linux, toa simu kwenye pochi, ndiyo hiyo. Na tangu Novemba 2017 zile kompyuta 500 zenye nguvu kupita zote duniani, zote 500 zinatembea na Linux.

Watu wanapenda kufananisha hii kitu na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuifananisha hivyo. Mbao, mpira wa tairi la zamani, misumari, hakuna kiwanda kilichofunga siri ndani yake, ikivunjika Kibumba inatengenezwa Kibumba. Ni mfano mzuri ila tulikuwa tunausoma nusu. Yule kijana anayeshuka na chukudu imebeba viazi hajui kuchonga mbao, na hana haja ya kujua. Anamjua fundi seremala. Sisi tulikuwa tunawauzia watu chukudu na kuwaambia wafurahi kwamba wanaruhusiwa kuchonga.

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa watu wa kawaida, isipokuwa umeingia kwenye ile nyongeza yao. Haikuzimika, bado inawaka, ila matundu mapya yakionekana hayazibwi tena. Na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Nendeni Birere muangalie mashini zinazouzwa pale, hizi oka­zyo (zilizokwisha kutumika) zinazotoka Ulaya na Dubai, kizazi cha 3, cha 4, RAM 4 GB. Ni mashini nzima kabisa, skrini nzuri, klavye nzuri, na kwa Windows 11 zimeshakufa. Kuna namna za kuilazimisha iingie, najua, nimeshafanya, na nimeshaona vile inavyotembea baada ya hapo, ukibonyeza Word unaweza kwenda kunywa chai. Linux Mint, aina nyingine ya Linux, ile nyepesi ya Xfce, inaridhika na RAM ya 2 GB, na ikipata 4 inafanya kazi ya sekretariati siku nzima bila kuhema.

Kisha kuna krake. Hapa nitasema juu yetu mafundi na mutanichukia. Ile programu ya kuaktivisha Windows, kabla ya kufanya kazi inakuomba nini? Uzime anti-virusi. Yaani mlinzi wa nyumba unamwambia kalale, ndio unafungua mlango kwa mtu ambaye hujui jina lake, na asubuhi unashangaa. Tumefanya hivi kwa mashini za watu mamia, mimi mwenyewe nikiwemo, na mteja hana kosa, kununua leseni mu intaneti kunataka kadi ya benki, ni wangapi hapa wako na kadi ya kulipia mu intaneti? Nyosheni mikono. Mumeona, watatu.

Na tuseme ukweli wote, virusi ndiyo wateja wetu. Mashini isiyogonjwa hailipi dola 5. Nimesikia fundi anamwambia mteja "Linux ni ya wahacka, itakula mafaili yako", na anajua kabisa anasema uongo, ila nyumbani kuna watoto. Mimi simhukumu. Ila kama munataka Linux iingie mu Goma, musianze na wateja, anzeni na huyu fundi, mumuonyeshe atakula wapi. Mimi nilijaribu hivi, na watu wa sekretariati sita, hawanilipi kuformati, wananilipa kidogo kila mwezi ili simu yangu iitike. Haizidi sana ile ya zamani, sitawadanganya, ila inakuja hata mwezi ambao sikushika mashini, na hakuna mtu ananiamsha saa tano za usiku kwa rakorsi.

Sasa namna ya kufanya. Kuna miji na serikali zimejaribu kabla yetu. Munich kule Ujerumani waliamua 2003 kuacha Windows, wakahamisha karibu mashini 15,000, kazi ikaisha 2013, kisha 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Wengine wanasema ni siasa, wengine wanasema watumishi walikuwa wanalalamika, mimi naona mambo mengi yalichangana, ila moja ninaielewa kwa mwili wangu: ofisi zote za pembeni yao zilibaki zinatuma faili za Word. Ni lile lile la kurasa 62 na 67. Sasa muangalie wanajandarma (polisi wa kijeshi) wa Ufaransa. Wao 2005 walianza na programu ya ofisi tu, OpenOffice, juu ya Windows ile ile. Halafu wakaleta Firefox ya kuingilia intaneti na Thunderbird ya barua pepe. Watu wakazoea. Ni 2008 ndio wakaanza kubadilisha chini, wakaweka Ubuntu, na wakati ule mtumishi akiwasha mashini anakuta vitu vyake vyote anavyovijua viko pale pale, kilichobadilika ni picha ya nyuma. Wale bado wako nayo mpaka leo, kwa makumi elfu ya mashini.

Njo maana siku hizi mimi sigusi Windows ya mtu mwezi wa kwanza. Naweka LibreOffice, programu huria ya ofisi, pembeni ya Word, naweka Firefox, naweka VLC, hii ya mwisho wote wanaipenda sababu inafungua video yoyote hata ile ya harusi iliyochomwa vibaya. LibreOffice nairekebisha ili ihifadhi kwa docx, aina ya faili ya Word, yenyewe bila kuuliza, sababu mwanafunzi akipeleka odt, aina ya LibreOffice, kwa kibanda kingine watamfukuza. Naweka herufi za Carlito na Caladea, zimetengenezwa upana sawasawa na Calibri na Cambria, kurasa 62 zinabaki 62 au karibu, na ile ya kuchapa nawafundisha watoe PDF, PDF haihami. Na kitu kingine ambacho hakuna mtu wa Ulaya atakukumbusha: LibreOffice inajihifadhi yenyewe kila dakika 10, na mu Goma dakika 10 ni nyingi, umeme unakwenda mara ngapi kwa dakika 10? Ingieni mu mipangilio muweke 2. Mama wa Katindo, yule yule, nilimrudia na hii ya dakika 2 tu, hakuna Linux, hakuna mahubiri. Siku ya tatu umeme umekatika akiwa katikati ya barua ya mahari ndefu ya watu wa Masisi, uliporudi barua ilikuwepo, imepungua mstari moja. Alinipigia mwenyewe. Kuanzia pale nilipewa ruhusa ya kusema.

Mwezi wa pili nawasha Linux kwa flashi bila kuinstali. Hii watu wengi hawajui, unachomeka, unawasha, inatembea kutoka kwenye flashi na disko haijaguswa. Hapo munajaribu yote mbele ya mwenye mashini: printa inatoa? sauti iko? wai-fai inaona? Wai-fai mara nyingi ndiyo inagoma, hasa zile kadi za Broadcom, na fundi mchanga anakwama pale anasema mashini haikubali. Chukua simu, ichomeke kwa kamba ya USB, washa ile ya kugawa intaneti kwa kamba, mashini inaona mara moja, unaingia mu meneja ya draiva, inapakua ile ya Broadcom, unachomoa simu, kwisha. Na mega mutumie kwa akili, mtu moja apakue, wengine wote wakopi kwa flashi, sheria inaruhusu kabisa, ndiyo uzuri wenyewe, munaweza kugawa mutaa mzima na hakuna aliyeiba.

Lugha. Kijana moja aliniuliza kwa nini hatuweki Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya heshima sana. Nilimfungulia mama menyu ya Kiswahili, akasoma Hariri, akaniuliza kama mashini yangu inauza vitambaa. Tulicheka mpaka mwisho. Hapa kwetu watu wamezoea kuona Fichier na Enregistrer, wanazungumza Kiswahili na wanabonyeza Kifaransa, sasa muwekeeni Kifaransa kwanza, na klavye muiangalie mara mbili, mara tatu, mujaribu neno la siri sehemu inayoonekana kabla ya kulifunga, mutanikumbuka.

Na kuna watu wa kuwaacha. Anayefanya kazi na AutoCAD, anayetengeneza mabango na Photoshop kila siku, mhasibu ambaye programu ya ofisi yake inakubali Windows tu, muacheni kwa amani. Nilimlazimisha rafiki yangu moja mchoraji wa plani za nyumba, akapoteza kazi ya wiki, hatukusalimiana mpaka Noeli. Wa kuanza nao ni hawa: sekretariati, shule, mwanafunzi wa TFC, baba anayesoma habari na kusikiliza mahubiri YouTube, mashini ya nyumbani ambayo watoto wanaipigania. Hao wote kazi yao iko ndani ya Firefox na LibreOffice, chini kukiwa na Linux au na nini hawataona tofauti, isipokuwa mashini haitagonjwa kila wiki.

Sasa basi, nimesema sana na naona wa mulangoni wameshaanza kusimama. Siku ya posho inayokuja, saa tatu, hapa hapa. Leteni mashini, hata ile iliyolala chini ya kitanda, na chaja yake, na flashi mbili, moja ya kukopi mafaili yenu yote kabla sijagusa kitu, mutu asiyekuja na flashi ya mafaili sitamshikia mashini hata akilia. Wa sekretariati mulete na printa zenu, ndiyo mama, ibebe, kuna kijana atakusaidia kwa pikipiki. Nyinyi wa enfomatiki, kila moja atachukua mtu moja, tutaandika namba ya simu yako kwa karatasi tuibandike chini ya skrini yake, na muhakikishe iko na umeme. Mama wa Katindo atakuwepo, ndiye atafundisha ile ya dakika 2.